Kuzima runinga hakujawahi kutuliza mji

Ndugu yangu, umesema serikali ya Kenya ilifanya vyema kuamuru matangazo ya moja kwa moja ya maandamano ya Juni 25, 2025 yazimwe, kwa sababu picha za maandamano huchochea fujo. Sikubaliani nawe hata kidogo. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa katikati ya mji wa Nairobi, mimi niko mtaani Kayole na mama. Stesheni za runinga za NTV na KTN zilipotoweka hewani, mama hakutulia, alichanganyikiwa zaidi. Uvumi ulijaa kwenye simu, kila mtu na yake, na hakuna aliyejua barabara ipi inapitika. (Mdogo wangu alifika nyumbani usiku, kwa miguu.) Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo ya serikali siku hiyo hiyo.

Na si mara ya kwanza. Machi 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia kampuni ya habari ya Standard usiku, wakachoma magazeti na kuzima KTN. Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru Park, runinga za Citizen, NTV na KTN zilizimwa. Februari 1 mahakama iliamuru zirudishwe, lakini zilikaa gizani siku kadhaa zaidi. Hapo ndipo panaponiuma: amri ya jaji ilipuuzwa mchana kweupe.

Kifungu cha 34 cha Katiba kinakataza serikali kuingilia utangazaji au kumwadhibu mtu kwa habari aliyotangaza. Kama kuna stesheni iliyochochea, ipelekwe mahakamani na ushahidi utolewe. Kuzizima zote kunamficha anayewafyatulia waandamanaji risasi, na mzazi anabaki hajui mwanawe yuko wapi.