Kusomea hoteli nje: majibu ya maswali yenu

Wiki hii nimefungulia maswali ya kwenda nje kusomea hoteli, mengi yanafanana kabisa kwa hiyo ukiona lako halipo soma la mwenzio.

Kaka naomba unitajie nchi nzuri ya kusomea menejimenti ya hoteli. (Nkuhungu)

Hili naulizwa kila siku na kila siku muulizaji hasemi ana hela kiasi gani, ana cheti gani, anataka kubaki huko au kurudi. Nzuri kwa nani sasa? Uswisi ndiko kwenye chuo cha hoteli kikongwe kuliko vyote duniani, EHL pale Lausanne, kimeanza 1893, wanafundisha kweli na fildi iko ndani ya masomo, lakini ada yake familia nyingi za hapa haziigusi, na ukimaliza wewe Mtanzania una miezi 6 ya kutafuta kazi, halafu vibali vya kazi kwa watu wasiotoka Ulaya vina idadi maalum kila mwaka.

Kanada mnaisifia kwa stori za zamani. Ile ya kusoma diploma ya hoteli koleji halafu unapewa kibali cha kazi imeisha kwa walioomba kibali cha masomo kuanzia 1 Novemba 2024, sasa hivi diploma lazima iwe ya fani walizoziorodhesha na menejimenti ya hoteli haimo, labda usome digrii. Uingereza mwenye digrii anapewa miaka 2 ya kufanya kazi, atakayeomba kuanzia 1 Januari 2027 atapata miezi 18, ikiisha hapo ndo kasheshe maana Julai 2025 wamepandisha viza ya kazi hadi kazi za kiwango cha digrii na nyingi za hotelini na jikoni zimebaki nje. Kwa hiyo anza kuuliza ukishamaliza utaruhusiwa kufanya kazi gani na kwa muda gani, chuo kitafuata.

Mwanangu, binti yangu kamaliza kidato cha sita, kuna wakala hapa mjini anasema atampeleka Dubai asome hoteli miezi mitatu kisha anaingia kazini moja kwa moja. Anataka milioni sita. Nina shamba la zabibu nataka niuze. (Hombolo)

Shikamoo mama. Shamba usiuze.

Kozi ya miezi mitatu haimfanyi mtu meneja, na kazi Dubai haiji kwa kuunganishwa na mtu wa mtaani, inakuja kwa mwajiri kumwombea mtoto viza ya kazi kabla hajapanda ndege. Sheria ya kazi ya kule inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa, sasa hiyo milioni sita ni ya nini? Muulize huyo wakala viza ni ya aina gani, akisema ya matembezi "halafu tutaibadilisha hukohuko" ondoka hapo ofisini, maana kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa na atakayekamatwa ni mtoto wako. Kama anapeleka watu kazini akuonyeshe leseni ya wizara inayohusika na kazi, kama anapeleka vyuo vikuu nje awe kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), na mkataba mwenye kuusoma awe mtu mwingine, siyo yeye. Nasema kwa uchungu, mabinti wanaondoka hapa wakijua wanaenda hotelini, wanafika wanawekwa majumbani kufanya kazi za ndani na pasipoti zimechukuliwa. Hela hiyo hiyo mpeleke Chuo cha Taifa cha Utalii, atoke na ujuzi wa mkononi, nje ataenda akiwa na cha kuonyesha.

Fulu skolashipu ya hoteli zipo? (Manyoni)

Chache sana, pigia hesabu kama hazipo.

Sina hela ya ada kabisa ila niko tayari kujifunza lugha. (Kondoa)

Wewe ndo nimekupenda. Angalia Ujerumani, kuna mafunzo yanaitwa Ausbildung, ya hoteli ni miaka 3, unagawanya muda kati ya hotelini na darasani na mwajiri anakulipa tangu mwezi wa kwanza. Hela siyo nyingi na utatandika vitanda sana. Kijerumani wengi wanataka ufike B1, yaani ngazi ya kati, usidanganywe na kozi ya wiki sita, tenga karibu mwaka mzima, Goethe-Institut wanaofundisha Kijerumani wapo Dar. Ukimaliza na ukapata kazi ya fani yako unaruhusiwa kubaki.

Cheti cha nje kitatambulika nikirudi? (Kongwa)

Digrii uliza TCU, diploma na vyeti NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), na uulize kabla ya kulipa ada.

Nimemaliza digrii ya utalii UDOM, nataka masters nje nirudi niwe meneja wa hoteli. (Makulu)

Umewahi kufanya kazi mapokezi? Hausikipingi? Zamu ya usiku? Kama bado, masters isubiri. Hoteli za nje zinaangalia umefanya nini, na meneja asiyejua chumba kinaandaliwa kwa dakika ngapi wafanyakazi wanamjua siku ya kwanza. Na uko Dodoma hapahapa! Bunge la bajeti likianza Aprili hadi Juni mwishoni hoteli na lodji zinajaa, wanatafuta watu wa muda, kwa hiyo Machi zungusha CV kwa miguu, waambie hata jikoni utaingia, na ukitoka omba barua yenye jina la idara uliyofanya na tarehe.