Cheki imebaunsi, je deni limelipwa? Naweza kuiuza kwa bei ya chini?

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Mimi nina hadwea hapa Mombasa, kuna mteja alichukua simenti na mabati ya 180,000 akaniandikia cheki ya tarehe ya mbele, mwezi mmoja. Siku ilipofika nikaipeleka benki ikabaunsi, akaunti yake haina kitu, na benki yangu ikanikata hela juu yake. Nikimpigia ni kesho kesho tu, mara ananiambia mimi si nilishakupa cheki yako? Sasa kuna jamaa anataka nimuuzie hiyo cheki kwa 150,000, atajua mwenyewe vya kudai. Inafaa? Na nikimshtaki au nikimuongezea faini ya kuchelewa, nina dhambi?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Pole sana ndugu yangu, na hili la "si nilishakupa cheki" tulimalize kwanza maana nalisikia sana madukani.

Cheki ni kama hawala, yaani yeye anakwambia nenda kwa fulani ninayemdai akulipe wewe. Na sisi wa madhehebu ya Shafii tunasema hawala ikiwa sahihi yule wa kwanza anatoka kwenye deni, lakini sharti lake huyo unayepelekwa kwake awe anadaiwa kweli na aliyekupeleka. Sasa benki anaidai nini na akaunti iko tupu? Hapo hakuna hawala kabisa, kuna karatasi, deni lako la 180,000 liko shingoni mwake vilevile kama siku aliyopakia mabati.

Kuiuza kwa 150,000, hapana. Hiyo ni shilingi taslimu kwa shilingi za baadaye zilizo nyingi zaidi, ni riba, hata mkiiita diskaunti. Ukitaka huyo jamaa akusaidie mfanye wakili wako, yaani mtu wa kukudaia tu, mkubaliane ujira unaojulikana, akileta pesa ni zako zote 180,000 halafu unamlipa kazi yake.

Faini ya kuchelewa nayo usiile, kila ziada juu ya deni kwa ajili ya muda ni ileile riba. Ila ile hela benki iliyokukata ni gharama halisi aliyokusababishia, wako wanazuoni walioruhusu kumdai mdaiwa anayekwepa na mimi naona hivyo, umdai kiasi hichohicho tu, na umuoneshe steitmenti yako.

Kumshtaki inategemea hali yake. Kama kweli amefilisika, Qur'an 2:280 imeshasema, apewe muda mpaka apate wepesi. Lakini kama anacho, Mtume (s.a.w.) amesema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma, imo kwa Bukhari na Muslim, na ukimwona mtu anaendelea na ujenzi wake huku wewe anakwambia kesho kesho, sidhani kama huyo ni wa kusubiriwa. Mshtaki, huna dhambi.

Ila usikimbilie polisi bila kujua, watu wanapoteza nauli. Kifungu 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kuandika cheki huku unajua akaunti haina pesa za kutosha, au imefungwa, au umeshaiambia benki isilipe, ni kosa, faini isiyozidi 50,000 au jela isiyozidi mwaka mmoja au vyote viwili. Lakini lile la pesa kutotosha kifungu hicho hakilihesabu kosa kama cheki ni ya tarehe ya mbele, na yako ndiyo hiyo! Kama akaunti ilikuwa imefungwa hapo ni mambo mengine, kwa hiyo soma vizuri sababu benki iliyoandika. Njia yako ni Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai yasiyozidi milioni moja na huhitaji wakili.

Ukienda chukua cheki yenyewe na ile karatasi ya benki na risiti ya mzigo, na akikwambia umrudishie cheki akuandikie nyingine usimpe mpaka pesa iingie, mwachie fotokopi. Wallahu aalam.