Ametemwa na timu sita, huyo ni mbovu?

SWALI: Niaje mzee wa spoti. Mimi ni prop wa raga hapa Nakuru, kilo 118. Binamu yangu ako Marekani alinitumia rekodi ya jamaa mmoja wa laini ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani), miaka saba timu sita, mara ametemwa mara amerudishwa timu ile ile. Huyo si ni mbovu? Na mimi naweza toboa huko?

JIBU: Prop, mbovu hamalizi miaka saba. Huyo ni kama dereva wa skwodi pale stegi, leo gari hii kesho ile, na hakuna mwenye gari humpa funguo mtu hajui kuendesha.

Angalia hesabu, mwezi wa nane timu moja ina watu kama 90 kambini, msimu ukianza wanabaki 53, na laini ya kushambulia ni watu 5 tu uwanjani. Sasa yule wa laini aliye namba nane kwa foleni ndio hutupwa nafasi ikihitajika kwingine, na kama hajafikisha misimu minne timu zingine hupewa kama siku moja hivi kumchukua na mkataba wake, wasipomtaka anaweza kurudi pale pale kwa kikosi cha mazoezi chenye nafasi 16. Mwaka wa 2024 huko mazoezini ilikuwa dola 12,500 kwa wiki, kwa wale 53 mgeni kabisa dola 795,000 kwa msimu (wacha kupiga hesabu ya shilingi!) lakini nyingi haina garantii.

Kinachomweka ni kujua kucheza gadi zote mbili na senta (nafasi tatu za katikati ya laini), tena kushika plei za kocha mpya kwa siku chache. Na tangu 2020 timu ikivalisha watu 8 wa laini inaruhusiwa wachezaji 48 siku ya mechi, bila hivyo 47, so huyo wa nane ana kazi hata akikaa benchi.

Kuhusu wewe, Jordan Mailata alitoka raga ya Australia, timu ya Eagles wakamchukua 2018 raundi ya 7 ya drafti (pale timu huchagua wachezaji wapya) na leo ana pete ya Super Bowl, fainali ya NFL, lakini ni futi 6 inchi 8 na kilo zaidi ya 160. Mkenya wetu Daniel Adongo alitoka raga pia akaingia timu ya Colts 2013, ila si kwa laini. Kwa kilo 118 wewe bado ni mwepesi, na hapo kwa laini kudaka pasi kwa kawaida hukubaliwi, kazi ni kusukumana tu. NFL iko na programu ya wachezaji wa nje tangu 2017, Mailata alipitia hapo. Umri na urefu hukuandika, tuma hizo kwanza.