Kuzuiliwa wodini kwa sababu ya bili

Umeuliza kama hospitali inaweza kumfungia shemeji yako wodini hapo Kisumu eti mpaka mmalize bili. Hapana, haina ruhusa hiyo. Mahakama Kuu ya Kenya ilishaamua hivyo mwaka 2015, kwenye kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua: kumshika mgonjwa si njia halali ya kudai pesa. Lakini deni halifutiki. Hospitali inaweza kuwashtaki ili ilipwe, kwa hiyo andikianeni mkataba wa kulipa polepole.

Kabla ya kutia sahihi, itisheni bili inayoonyesha kila kitu kando: siku za kitanda, kila dawa, kila kipimo, na SHA, bima ya afya ya serikali, imelipa ngapi. Karatasi yenye jumla peke yake msikubali. Mimi hapa Nakuru nilikuta mamangu ametozwa siku mbili za kitanda baada ya kuruhusiwa, pamoja na sindano ambayo hata haikufunguliwa. Keshia alizifuta bila maneno mengi, sijui kama angesema lolote nisingeuliza. Wakikataa kuwasikiliza, pelekeni malalamiko kwa baraza la madaktari, KMPDC, mkiwa na nakala ya bili.