Karata za mtandaoni kwa mzee anayeishi peke yake
Ndugu, umeuliza kama karata za mtandaoni zinaweza kumpunguzia upweke mama yako mstaafu. Zinaweza, hasa briji, kwa kuwa mchezo huo huchezwa na watu 4, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akiwa na karata 13 mkononi na akimtegemea mwenzake hadi karata ya mwisho. Mwaka 2020, vilabu vya briji vya Marekani vilipofungwa kwa sababu ya korona, wazee wengi walihamia Bridge Base Online, tovuti ya kuchezea briji, wakaendelea kucheza na wenzao wale wale. Ninachokusihi ni kumtafutia kwanza watu anaowafahamu, mpange saa maalumu, na simu iwe hewani pembeni ili wapate kuzungumza, maana kucheza kimya na wageni hakujengi usuhuba. Michezo ya kuweka fedha asiiguse kabisa.