Re: Kuendesha gari la kukodi kutoka Osaka hadi Kobe

Dada, nimekuelewa: una familia, mtakodi gari Osaka mwende Kobe, na unaogopa barabara ya kulipia ya Hanshin. Japani huendesha upande wa kushoto kama kwetu, hilo lisikusumbue.

Anza na leseni. Japani inakubali kibali cha kimataifa cha mkataba wa Geneva wa 1949 tu, kwa hiyo uliza ubalozi wao kabla hujalipia gari. Ukikamatwa bila kibali halali, ni kosa la jinai, na bima inaweza kukataa kulipa.

Kwa kampuni inayokukodisha gari, omba kadi ya ETC, yaani ya kulipia barabara kielektroniki bila kusimama langoni. Mimi niliingia lango la ETC kadi haijakaa sawa, kizuizi hakikuinuka, na nyuma yangu kulikuwa na lori. Ikikutokea, usirudi nyuma hata hatua moja! Washa taa za tahadhari, bonyeza kitufe cha kuita mhudumu, subiri.

Kinachochosha zaidi ni mzunguko wa katikati ya Osaka, Njia namba 1. Magari huenda upande mmoja tu, kama mshale wa saa, na njia za kutokea ziko kushoto na kulia. Fuata vibao vya Njia namba 3, Kobe. Ukipitwa na njia ya kutokea, zunguka tena taratibu.

Watoto wakiwa wadogo, mimi ningepanda treni: Osaka hadi Sannomiya, stesheni ya katikati ya Kobe, haifiki hata nusu saa.