Steshenwagoni iliyotumika kwa kufukuzia dhoruba

Ndugu, umeuliza kama steshenwagoni iliyotumika, ya bei nafuu lakini yenye kilomita nyingi, inafaa kwa kufukuzia dhoruba, yaani kuzifuata kwa gari ili kuzitazama. Inafaa, mradi uipime kwa hali ya mitambo na si kwa mng'ao wa rangi. Mvua ya mawe itaibonyeza bodi hata hivyo, kwa hiyo mabonyeo yaliyopo tayari yachukulie kuwa punguzo la bei.

Tafuta inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kama Subaru Outback, kisha uinamie matairi: yawe ya saizi moja na yamelika kwa kiwango kinachokaribiana, maana tofauti kubwa huichosha mitambo inayogawa nguvu. Injini ikishapata moto, chungulia tangi la akiba la maji ya rejeta; mapovu yasiyokoma huashiria gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake) iliyoungua, na hapo mshukuru muuzaji uende zako.

Wala magurudumu manne yasikudanganye ukavuka mafuriko: maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu huweza kulinyanyua gari dogo na kulichukua.